Barua kwa somo yangu, juu ya Freddie

Unguja

Somo yangu Salum,

Asalaam aleikum. Barua yako imefika, na salamu zako nimezifikisha kwa wote uliowataja. Mama mdogo yu mzima, macho tu ndiyo yanamsumbua. Nilipomwambia umeandika akacheka, akasema, "Yule wa kanda?" Miaka yote hii bado anakujua kwa ile redio kaseti yako na kelele zake za saa ya kulala mchana.

Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo uliloniuliza ni refu, na kwenye simu tungekatizana. Unasema binti yako ameiona ile filamu ya 2018 juu ya mwimbaji wa bendi ya Queen, akaja mbio kukuambia, "Baba, Freddie Mercury ni wa kwenu!" Nawe ukamjibu kwamba si wa kwetu hata kidogo, kwa sababu alizaliwa hapa na maisha yake yote akaona haya kupataja. Kisha ukaniuliza mimi nasemaje. Somo, jibu lako limeniuma. Tangu siku hiyo nalifikiria, na leo nimekaa nikuambie kwa nini nadhani umemkosea.

Mwanao wa mwisho ana miaka minane sasa, sivyo? Basi mfikirie yeye. Mwaka 1955 mtoto wa umri huohuo, jina lake Farrokh Bulsara, alipakiwa melini hapa Unguja akapelekwa India kusoma. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza, mama yake akiitwa Jer, na alikuwa na kidada kidogo, Kashmira. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Walikuwa Waparsi, watu ambao wazee wao walitoka Uajemi karne nyingi nyuma wakakimbilia India, kisha wengine wao wakavuka bahari kuja huku kutafuta riziki. Nyumba nzuri, watumishi, bahari hatua chache. Halafu siku moja sanduku linafungwa, na mtoto anawekwa upande wa pili wa Bahari ya Hindi, katika shule ya bweni ya St. Peter's, mji wa Panchgani, juu milimani, mbali hata na Bombay. Likizo nyingi hakurudi kwao, alikwenda kwa shangazi yake hukohuko India.

Huko ndiko Farrokh alikogeuka Freddie. Wenzake ndio waliompa jina hilo, naye akalichukua. Huko pia walimu walimwona anasikia wimbo mara moja redioni kisha anakwenda kuupiga kwenye piano, basi wakawaandikia wazazi wake kwamba kijana apewe masomo ya muziki. Akiwa na miaka kumi na miwili akaingia kwenye bendi ya wanafunzi watano walioiita The Hectics. Usidhani aliimba mbele. Mwimbaji alikuwa kijana mwingine, yeye alikuwa kwenye piano, na meno yake yaliyotokeza, ambayo wenzake waliyafanyia utani. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, ndiyo yaliyoyasukuma ya mbele. Alipokuwa tajiri hakuyang'oa, kwa kuhofia yataondoka na sauti yake.

Alirudi Unguja 1963. Sasa hesabu mwenyewe. Mwaka haukutimia, Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi, na familia yao ikaondoka na masanduku mawili matatu kwenda Uingereza, mtaa wa Feltham, pembezoni mwa London, karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi na wewe tumezaliwa baada ya mambo hayo, tumeyasikia kwa wazee, na unajua vilevile kama mimi kwamba katika mji huu kuna nyumba ambazo habari za mwaka huo hazizungumzwi mpaka leo, upande huu na upande ule. Watu wazima wanakaa kimya miaka sitini, halafu tunamtaka kijana wa miaka kumi na saba aliyekimbizwa na wazazi wake akazungumze kwa furaha mbele ya waandishi wa habari juu ya utoto wake Unguja? Ni kweli hakupenda kuulizwa habari hizo. Lakini mimi siiti ile haya. Kuna watu wanafunga mlango kwa sababu ndani kunauma.

Nikuulize na wewe, na usikasirike. Tangu uondoke 1993 umewahi kumsimulia binti yako habari ya kisima cha nyuma ya nyumba yenu? Au ya siku baba yako alipouza ile cherehani? Basi.

Huko London hakuanza juu. Alisoma Isleworth, kisha chuo cha sanaa cha Ealing, uchoraji na usanifu wa picha, akamaliza 1969. Alibeba mizigo Heathrow. Aliuza nguo za mitumba Kensington Market pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, jambo ambalo mtu wa Darajani analielewa bila kufafanuliwa. Taylor na mpiga gitaa Brian May walikuwa na bendi yao ndogo, na Freddie alikuwa akiifuata kila inapopiga, akiwaambia wasimame vipi, wavae nini, wafanye nini jukwaani. Mwimbaji wao alipoondoka, 1970, akachukua nafasi yake. Mpiga besi, John Deacon, aliungana nao mwaka uliofuata, na hao wanne hawakubadilika tena mpaka kifo.

Yeye ndiye aliyeipa bendi jina la Queen. Wenzake walisita, yeye akashikilia. Na yeye ndiye aliyechora nembo yake kwa mkono wake, na hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo, somo. Itazame nembo ile vizuri. Simba wawili, kaa mmoja, na mabinti wawili wenye mbawa. Zile ni nyota zao! Deacon na Taylor nyota yao Simba, May nyota yake Kaa, na yeye Mashuke, ndiyo wale mabinti. Mzee yeyote wa falaki hapa mjini ungemwonyesha angezisoma moja baada ya moja. Na jina alilojichagulia mwenyewe, Mercury, ni la sayari, ile ambayo vitabu vyetu vya zamani vinaiita Utaridi. Mimi na wewe tumepewa jina moja kabla hatujafumbua macho, tukaitana somo kwa ajili yake, na hatukuwahi kujiuliza kama linatutosha. Yeye alivuliwa majina na miji, mara mbili mara tatu, mpaka akaona bora ajitengenezee la kwake, ambalo hakuna meli wala serikali itakayomnyang'anya. Ndivyo ninavyomwelewa mimi.

Sasa ile kanda yako. Unaikumbuka? Ilikuwa nyeusi, karatasi imebanduka, upande A umeandikwa kwa kalamu nyekundu. Tuliirudisha nyuma kwa kalamu tukiogopa kumaliza betri. Usiku ule uliponichezea ule wimbo mrefu wa 1975, "Bohemian Rhapsody", tulikuwa barazani kwenu. Ukaanza polepole na piano, kisha katikati yakaingia yale makelele ya watu wengi wanaojibizana, nami sikuwa naelewa hata neno. Halafu ghafla, wazi kabisa: Bismillahi. Uliinuka ukaizima redio. Ukarudisha nyuma. Ukacheza tena. Tukatazamana. Hatukujua kama ni dhambi kusikiliza au ni baraka, lakini tulijua kwamba mtu huyu, popote alipo, neno hili alilisikia utotoni likisemwa kabla ya kula, kabla ya kufungua duka, kabla ya kushuka ngazi gizani. Huwezi kuishi Mji Mkongwe miaka minane usilisikie. Wataalamu wanaandika mengi juu ya maana ya wimbo ule, naye mwenyewe alikataa kuueleza mpaka amekufa. Mimi sihitaji maelezo ya neno lile.

Na lile kundi kubwa la watu, unajua ni wangapi? Watatu. Freddie, May na Taylor. Waliimba kwa saa kumi, kumi na mbili kwa siku, karibu wiki tatu, kwa ajili ya kile kipande cha katikati tu. Wanaimba mstari, wanaurekodi, wanaimba mwingine juu yake, kisha yote yanaunganishwa kwenye njia moja ya kanda ili wapate nafasi ya kuimba tena. Inasemwa kuna tabaka za sauti zipatazo 180. May amesimulia kwamba kanda ilipitishwa mashinani mara nyingi mno hata ule unga wake ukabanduka, wakiiinua juu wanaona mwanga wa taa umepenya upande wa pili. Kila wakidhani wamemaliza, Freddie anaingia na kijikaratasi: tuongeze hapa kidogo. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kanda yetu, nayo tuliichezesha mpaka ikawa nyepesi kama ngozi ya kitunguu.

Wakubwa wa kampuni waliona dakika karibu sita ni nyingi, redio hazitaupiga. Wenyewe wakakataa kuukata. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Na 2023 vitu vyake vilipopigwa mnada London, ilionekana karatasi ya mwanzo aliyoandika maneno ya wimbo huo: kwanza aliuita "Mongolian Rhapsody", kisha akalikata neno la kwanza kwa kalamu, akaandika jingine juu yake. Hata wimbo alikuwa akiutafutia jina.

Kuhusu jukwaa sina haja ya kukueleza, umeona mwenyewe. Ile nusu ya stendi ya maiki ilitokana na ajali, ilimkatikia mkononi katika tamasha la siku za mwanzo, naye badala ya kuitupa akaigeuza mwenzake wa maisha. Ila Live Aid, Julai 13, 1985, irudie umtazamie binti yako. Lile tamasha la kuchangia waliokuwa wakifa kwa njaa Ethiopia. Kila bendi imepewa dakika zake, nje bado mwanga wa jua, hakuna taa za kuficha kosa, na watu 72,000 ndani ya Wembley ambao wengi hawakuja kwa ajili yao. Queen walifanya mazoezi ya dakika zao kwa saa ya ukutani, wimbo kwa wimbo, kama wanafunzi wa madrasa wanaojiandaa kwa maulidi. Freddie anakaa kwenye piano dakika chache tu, anainuka, na baada ya muda anasimama peke yake bila ala yoyote, anaimba sauti moja ndefu. Uwanja unamjibu. Anaigeuza, wanaigeuza. Anaipeleka juu kabisa, wanapanda nayo. Hakuna maneno mle. Umati wote unakuwa kwaya yake, na yule mtoto wa nyuma ya piano kule Panchgani ndiye anayeiongoza kwa ngumi moja hewani. Dakika ishirini na moja, yamekwisha.

Lakini kwa kuwa namtetea, nisikufiche lililo baya. Miezi tisa kabla ya hapo, Oktoba 1984, Queen walikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, kipande cha Afrika Kusini, wakati nchi hiyo ya makaburu imewekewa vikwazo vya utamaduni na sisi huku tulikuwa tukifundishwa shuleni kwamba ukombozi wa kule ni kazi yetu sote. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha yake. Walijitetea kwamba wao ni wanamuziki, si wanasiasa. Utetezi huo haunitoshi. Mtu aliyezaliwa Afrika, tena aliyeonja mwenyewe kuondolewa kwao, alipaswa kujua zaidi ya wengine watatu. Hilo sijalisamehe, na nikikaa naye mahali nitamuuliza.

Na lile jingine ambalo watu wetu hawalitaji ila kwa kushusha sauti. Alimpenda mwanamke, Mary Austin, akaishi naye miaka, na hata walipoachana akamfanya mrithi na mtu wake wa karibu kuliko wote. Baadaye aliishi na mwanamume, Jim Hutton, mpaka siku ya mwisho. Hayo ndiyo maisha yake na sitayapamba wala kuyapunguza. Najua ndiyo sababu hasa iliyowafanya wengi hapa waone vigumu kumdai, na labda hata katika jibu ulilompa binti yako ilikuwamo. Mwenyewe unajua.

Alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi 1987. Tamasha lake la mwisho na Queen lilishapita, Agosti 1986, kule Knebworth, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Miaka ile, somo, na huku kwetu watu walikuwa wakizikwa na ugonjwa hautajwi. Mganda Philly Lutaaya ndiye aliyenitoa machozi: mwanamuziki mkubwa, 1989 akasimama hadharani akasema ninao, akazunguka mashuleni na makanisani kuwaambia vijana akiwa mwembamba vile, akafa Desemba mwaka uleule. Freddie hakufanya hivyo. Alinyamaza, akatoa taarifa Novemba 23, 1991, na siku ya pili yake akafa nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka arubaini na mitano. Zamani nilikuwa nikimlaumu kwa hilo, nikimlinganisha na Lutaaya. Siku hizi nimeacha. Magazeti ya London yalikuwa yanamvizia mlangoni na kamera, wakimtafuta mifupa. Dawa za kueleweka hazikuwapo, zilikuja miaka mitano baada yake. Alichobaki nacho kilikuwa muda, na alichagua kuutumia studio.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Masika ya 1991, kule Montreux, Uswisi, kando ya ziwa, hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu bila kushikilia kitu. Aliwaambia wenzake wamwandikie chochote, ataimba, na baadaye wao wamalizie. May alikuwa akiandika mistari kwenye vipande vya karatasi, anampa, Freddie anaimba papo hapo, anaomba vingine. Anakunywa vodka kidogo, anajiegemeza, anaipiga noti ya juu kabisa. Wimbo wa mwisho ulikuwa na ubeti mmoja umebaki. Akasema amechoka, akapumzike, atarudi aumalizie. Hakurudi. Ukiisikiliza rekodi ile, iliyotoka 1995, utasikia ubeti wa mwisho sauti imebadilika. Ni May anayeimba. Hawakuuficha mshono.

Mazishi yake yaliendeshwa na makasisi wa Kizoroasta, dini ya Waparsi, kwa dua za lugha ya kale ya wazee wake. Umeona? Jina alibadilisha, mji alibadilishiwa, lakini aliagwa kama mtoto wa Bomi na Jer.

Mwezi uliopita nilimchukua mwanangu wa kike tukaenda Shangani, kwenye lile jumba la makumbusho yake lililofunguliwa 2019. Nilipita mlango ule miaka yote nikiwaona watalii wanapiga picha, sikuwahi kuingia. Ni mahali padogo. Nilichokitazama muda mrefu ni picha zake za utotoni, mtoto wa Kiparsi aliyevalishwa nguo safi, anatazama kamera bila woga. Mwanangu akaniuliza, "Huyu alirudi?" Nikamwambia alirudi mara moja, miezi kadhaa. Akauliza tena, "Alijua kwamba tunamsikiliza?" Sikuwa na jibu.

Sasa nina ombi. Wewe Feltham si mbali, treni moja. Kuna nyumba barabara ya Gladstone Avenue, ndiyo familia ilikofikia baada ya kutoka hapa, na tangu 2016 imewekewa ukutani kile kibao cha buluu cha watu mashuhuri. Mchukue binti yako Jumamosi moja mwende. Msibishe hodi, wenyewe wa sasa wana maisha yao, simameni tu ng'ambo ya barabara. Kisha usome kile kibao vizuri, uniandikie majina yote yaliyomo, na umwachie binti yako ayatamke.

Mama mdogo anasema usisahau dawa yake ya macho, ile ya chupa ya kijani.

Ni mimi somo wako,
Salum